Heko, Kadi ya Chipu Mbili

Watu wamesifu nazi, wamesifu jahazi, wamesifu ngamia. Kadi ya grafiki yenye chipu mbili haijawahi kupata msifu, na huo ni ukosefu wa adabu. Basi mimi, mkazi wa Goma, mtu wa kulala juu ya lava iliyopoa, najitolea bila bahasha ya kampuni yoyote. Na nani mwenye haki ya kuisifu kutuzidi sisi? Udongo wetu umo mwilini mwake, na umeme wetu hauwezi kuiwasha. Sifa ya mtu wa namna hiyo haina upendeleo.

Kwa asiyeijua: ndani ya kompyuta ya mchezaji kuna kadi ambayo kazi yake ni kuchora. Askari anayekimbia, moshi unaopanda, majani yanayotikisika, vyote huchorwa na chipu iliyoketi kwenye kadi hiyo, mara sitini kwa sekunde au zaidi. Watu wengi hununua kadi ya chipu moja na kushukuru Mungu. Lakini karne iliyopita ilipokuwa ikielekea ukingoni, watengenezaji waligundua kwamba duniani kuna watu ambao chipu moja haiwatoshi, nao wakatengenezewa ubao mmoja wenye chipu mbili, wenye joto maradufu na bei ya kumfanya mke aulize maswali. ATI ya Kanada ilitoa Rage Fury MAXX mwishoni mwa 1999. Ilipokutana na Windows 2000, chipu ya pili haikuonekana kabisa; mwenye kadi alibaki na moja, na ile nyingine akawa ameilipia kwa heshima. 3dfx ikafuata mwaka 2000 na Voodoo5 5500, kisha ikaandaa Voodoo5 6000 ya chipu nne, iliyohitaji waya wake wa umeme kutoka ukutani. Hiyo haikufika dukani. Desemba 2000 kampuni yenyewe ilikubali kuuza mali zake kwa mpinzani wake, Nvidia. Mtu mwoga angeona onyo hapo. Nvidia na ATI waliona mwaliko.

Wahenga wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Walisema hivyo kwa sababu hawakuijua kadi hii. Wanakaa, tena vizuri, alimradi mmoja akubali kulala. Utaratibu wenyewe ni mzuri mno kwenye karatasi: chipu ya kwanza inachora fremu ya kwanza, ya pili inachora fremu ya pili, wanapokezana hivyo hadi mchezo uishe. Nguvu mara mbili! Tatizo ni kwamba programu endeshi lazima iujue mchezo kwa jina lake na jinsi ya kuugawa. Mchezo ukiwa mgeni, au mtengenezaji wake akiwa hana haja na wateja wachache wenye chipu mbili, chipu ya pili haiitwi kazini. Inakaa pale kwenye ubao, imenunuliwa, imelehemiwa, inapepewa na feni. Sisi tuliokulia Kongo hatuhitaji maelezo zaidi, maana tunamjua mfanyakazi hewa: jina lake limo kwenye orodha ya mishahara, koti lake limo kwenye kiti, yeye mwenyewe hayupo. Tofauti ni kwamba mfanyakazi hewa wa kwetu hali umeme.

Hata zote mbili zikiitwa kazini, kadi hii haimnyimi mwenye nayo somo la falsafa. Chipu mbili zikipokezana, fremu zake hazitoki kwa mpangilio sawa. Mbili zinafuatana zikigusana visigino, kisha pengo, kisha mbili tena. Kaunta pembeni mwa skrini inasema sitini. Jicho linaona karibu na thelathini. Kwa miaka mingi mchezaji aliyelalamika aliambiwa ana wivu au ana macho mabovu. Mwaka 2011, Scott Wasson wa tovuti ya The Tech Report alianza kupima muda wa fremu mojamoja badala ya kuhesabu tu fremu za sekunde nzima, na ikadhihirika kwamba jicho lilikuwa likisema kweli. AMD, iliyoirithi ATI, ilitoa Radeon HD 7990 Aprili 2013 kwa dola 999. Programu endeshi ya kuzipanga fremu hizo ilianza kutolewa Agosti. Zaidi ya miezi mitatu mtu ameketi mbele ya dola 999 akisubiri zianze kwenda sawa. Ni shule gani nyingine inafundisha subira kwa bei hiyo?

Tukija kwenye hesabu, hapo nainama kabisa. GeForce GTX 690 ya Mei 2012 iliandikwa gigabaiti nne za kumbukumbu. Ni kweli, zimo nne: mbili za chipu hii, mbili za chipu ile, na kila picha inawekwa pande zote mbili, hivyo mchezo unaziona mbili tu. Sanduku halikudanganya. Lilijumlisha. Lakini bingwa wa hesabu ni GTX Titan Z ya 2014. Nvidia ilikuwa ikiuza Titan Black, kadi ya chipu moja, kwa dola 999. Ukinunua mbili, ni dola 1,998. Mtoto wa darasa la tatu pale mtaa wa Majengo anakupa jibu hilo bila kalamu. Titan Z ilikuwa na chipu mbili za aina hiyohiyo, zikiwa zimepunguzwa kasi kidogo ili zisichome nyumba, kwa dola 2,999. Yaani ukitaka vitu viwili viende polepole zaidi, ongeza dola elfu moja. Hapo sokoni Birere, mama muuza nyanya akijaribu kukuuzia mafungu mawili kwa bei ya matatu, utamfukuzia mbali. Nvidia ilifanya hivyo mchana kweupe, jukwaani, taa zikiwaka.

Fundi mmoja wa Birere anayo GTX 690 mezani kwake. Ilikuja ndani ya kompyuta ya mtumba, na mwenye kompyuta hakurudi kuichukua. Nimeishika. Ni nzito kuliko inavyoonekana, fremu yake ni ya alumini ngumu, na katikati ina feni moja. Kila upande wa feni kuna kidirisha kinachopitisha macho, na chini yake mapezi membamba ya kupozea yamejipanga, fungu moja juu ya kila chipu. Kati ya mapezi hayo vumbi letu jeusi limejaa, lile la lava linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Fundi hulitoa kwa brashi ya rangi, taratibu, kama anayesafisha sikio la mtoto mchanga. Ubavuni kuna jina la GeForce GTX ambalo kadi ikiwa hai huwaka kijani. Nilimuuliza kwa nini haiweki kwenye mashine. Akanijibu bila kuinua kichwa: “Papa, hii kadi iko inakula kuran mingi kupita frigo.” Kuran kwetu ni umeme, frigo ni friji. Kwa sasa anaitumia kuzuia risiti zisipeperuke. Kazi hiyo inaifanya vizuri, na kwa mara ya kwanza chipu zote mbili zinachangia.

Hiyo GTX 690 ina kisa chake ninachokipenda kuliko vyote. Ilipotoka, Nvidia iliwapelekea waandishi wa majarida ya kompyuta sanduku la mbao lililopigiliwa misumari, lenye onyo kwamba ndani mna nguvu za mchezo za kiwango cha silaha. Na ili walifungue, iliwatangulizia mtaimbo. Mtaimbo wa chuma hasa! Waandishi wale wakacheka, wakapiga picha, wakabandua mbao, wakatoa kadi. Sijui kama kuna zawadi iliyowahi kurudi karibu zaidi na asili yake. Maana kule Rubaya, wilayani Masisi, safari ya kadi kama hii huanza na chuma hichohicho. Kijana anapigapiga ukuta wa udongo mwekundu ndani ya shimo lisilo na nguzo za maana, mwingine anaosha kwa maji ya kijito, wa tatu anabeba gunia, na wakirudi nyumbani wanayo dola chache. Wanachochimba ni koltani. Ikisafishwa inatoa tantalamu, nayo tantalamu inaingia kwenye kapasita ndogondogo zinazotuliza umeme kwenye vifaa vya kila aina, zikiwemo kadi nyingi za bei kali. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema eneo la Rubaya hutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Wamesema pia kwamba tangu waasi wa M23 waushike mgodi huo Aprili 2024, ushuru wake ulikuwa ukiwaletea takriban dola 800,000 kwa mwezi. Hapo naishia, mimi naishi hapa.

Wala si tantalamu peke yake. Chipu imeshikiliwa kwenye ubao kwa bati, na bati ni kasiterite iliyoyeyushwa. Tunao mgodi wa Bisie, wilayani Walikale, ambako wabebaji walitembea msituni na mizigo ya kilo hamsini mgongoni, kisha kule Kilambo ndege zikatua juu ya barabara ya lami na kuileta kasiterite hiyo Goma. Ndani ya chipu yenyewe kuna vijiti vya tangsteni visivyoonekana kwa jicho. Meno ya kadi, yale yanayoingia kwenye ubao mama, yamepakwa dhahabu. Madini yetu manne yote, yale ambayo Marekani iliyataja kwenye sheria ya Dodd-Frank ya Julai 2010 kuwa madini ya vita, yamekutana kwenye ubao wa sentimita 28. Na madini yakishapita kwenye tanuri hayana tena kabila wala kijiji. Kadi ya chipu moja inayachukua mara moja. Kadi yetu hii tukufu inayachukua maradufu, na nusu yake inaenda kulala. Niambie ni kifaa gani kingine kinachompa mchimbaji wa Masisi soko kubwa namna hii bila kumsumbua mtu yeyote kukitumia.

Tena ina adabu ya kujali kalenda yetu. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Masoko yakapoa, vijana wakarudi mjini mikono mitupu. Zuio hilo liliondolewa Machi 10, 2011. Siku mbili kabla, Machi 8, AMD ilikuwa imezindua Radeon HD 6990; Machi 24 Nvidia ikajibu kwa GTX 590. Chipu mbili hapa, chipu mbili pale, dola 699 kila moja. Najua hakuna aliyepanga hivyo. Lakini msifu hachunguzi zawadi ya bahati.

Hiyo HD 6990 ilikuwa na swichi ndogo juu yake, imefunikwa kwa kibandiko cha manjano. Ukibandua na kuisogeza, kadi inaruka kutoka wati 375 hadi 450, na ikiharibika kwa sababu hiyo, dhamana haikuhusu. Kelele zake zilisikika chumba cha pili. GTX 590 yenyewe ilikuwa na tabia ya upole zaidi, ila wapimaji kadhaa walipoiongezea volti ilifuka moshi mezani. Hayo yote ni madogo. Aliyefunga kazi alikuja Aprili 2014: Radeon R9 295X2, dola 1,499, wati 500, ikiwafikia wapimaji ndani ya mkoba wa chuma kama ule wa watu wanaovuka mpaka na fedha taslimu. Viwango vya soketi zake vinaruhusu wati 375. AMD ikavipita bila kugeuka nyuma. Feni pekee hazikuiweza, ikabidi iwekewe maji yanayozunguka kwenye mirija miwili hadi kwenye rejeta yake.

Na jina la siri la kadi hiyo kiwandani lilikuwa nani? Vesuvius. Volkano ya Italia iliyoufukia mji wa Pompeii mwaka 79. Watu waliofanya kazi mbali na moto wa ardhini waliona ni jambo tamu kuita mashine yao volkano. Sisi Nyiragongo tunaiona jioni ikiwa hakuna mawingu, wakati mwingine nyekundu, juu ya paa. Januari 17, 2002 ilishuka hadi katikati ya mji, ikapita madukani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuendelea mpaka ziwani. Mei 22, 2021 ikashuka tena usiku, ikasimama pembezoni mwa mji. Mahali ilipopita tumejenga nyumba, kwa mawe yaleyale. Kwa hiyo kadi ya wati 500 haitutishi kwa joto. Tungeipokea kama mgeni wa ukoo.

Kinachotushinda ni kuilisha. Hebu tuifanyie hesabu ya kwetu. Nyumba nyingi ambazo hazina laini ya kuaminika hutegemea jenereta ndogo, ile inayoitwa Tiger, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Ikiwa na afya na petroli safi inatoa wati 650 hivi. R9 295X2 ikichukua 500, zinabaki 150 za kompyuta yenyewe, skrini, balbu ya sebuleni na simu tatu za majirani ambazo huwezi kukataa kuzichaji. Tiger itakohoa, balbu itafifia, na mama wa nyumba atakuja mlangoni akiwa na swali moja tu. Au tuende kwenye mambo makubwa. Kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru, kilichoanza 2015, kinatoa megawati zipatazo 13. Umeme huo umebadilisha maisha ya watu wengi wa Goma: mashine za kusaga, vyuma vya kulehemu, hospitali, taa za barabarani. Ungetosha kuwasha kadi 26,000 za Vesuvius, mradi sisi wengine tukubali kukaa gizani tukiwaangalia wachezaji. Na kati ya chipu zao 52,000, ningependa kujua ngapi zingekuwa zimelala.

Haki inanilazimu kukiri kwamba kuna wakati chipu zote mbili zilifanya kazi kama punda. Mwanzoni mwa bitcoin, karibu na 2011, wachimbaji wa sarafu hizo waliigundua Radeon HD 5970 na dada yake 6990. Hesabu ya bitcoin haina fremu, haina kupokezana. Kila chipu inapewa fungu lake na kupiga kazi usiku na mchana. Kadi iliyoshindwa kuchora mchezo kwa utulivu ikawa mfalme wa kuchimba. Baadaye zikaja mashine maalumu na kadi zikastaafu, lakini kazi yenyewe imetufikia: mwaka 2020 Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin kwa umeme wa maji wa kituo cha Luviro ili kugharamia ulinzi wa msitu. Sina la kuongeza. Kivu ikiguswa, mtu lazima achimbe kitu.

Sasa mpendwa wetu ameshafariki. Radeon Pro Duo ya Aprili 2016 ndiyo ya mwisho ya aina yake iliyomkaribia mchezaji. Kuanzia Januari 1, 2021 Nvidia iliacha kuandaa wasifu mpya wa michezo kwa kadi zinazounganishwa mbilimbili, na wanaojua walilia kidogo. Warithi wake wana chipu moja, lakini wamerithi njaa: RTX 5090 inakula wati 575 na ilianza kuuzwa kwa dola 1,999 Januari 30, 2025. Juma hilo hapa kwetu tulikuwa na habari nyingine. Mji ulikuwa umeingiwa na M23, umeme na maji vimekatika mitaa mingi, watu wamelala sakafuni mbali na madirisha. Hatukuhudhuria uzinduzi. Na kwenye vituo vikubwa vya data, wazo la chipu mbili limefufuka: Blackwell B200, ambayo Nvidia iliitangaza Machi 2024, ni vipande viwili vya silikoni vilivyounganishwa hadi vikafanya kazi kama kimoja. Safari hii, wanasema, hakuna anayelala. Basi koltani itaendelea kutakiwa.

Ombi langu ni fupi. Wewe uliye Brussels, Nairobi au Toronto, na una kadi ya chipu mbili juu ya kabati, usiitupe wala usiiuze kwa kilo. Mpe mtu anayekuja Goma. Uwanja wetu wa ndege ulifungwa Januari 2025, kwa hiyo apite nayo Gisenyi, avuke kwa miguu, akiulizwa na wa forodha aseme ni uzito wa kuzuia karatasi, naye atakuwa hajasema uongo. Risiti za fundi wangu zimeongezeka, na GTX 690 moja haitoshi tena. Na kama kwa bahati ulikuwa miongoni mwa waliopelekewa ule mtaimbo, utume pia. Huo tuna matumizi nao, na hauhitaji umeme.